Mama Rose na Mtoa Taarifa Namba Saba

Kitendawili. Usijibu haraka, kaa vizuri kwanza. Watoto wa mama wamelala chali juani kutwa nzima, maelfu kwa maelfu, hakuna hata mmoja anayeumwa, na mama yao anaomba mvua isije. Ni nini?

Ukisema ni dagaa walioanikwa, umepata, na mji wako ubaki nao. Ila usijisifu sana. Kila kijiji cha kando ya ziwa kina vitendawili vyake vya dagaa, lakini hiki ni cha nyumba moja tu. Alikitunga mama mmoja wa Igombe, mwanika dagaa aitwaye Getruda, akawa anawategea wanawe wawili huku wakisambaza samaki kwenye chanja. Mkubwa alikuwa Sabina. Mdogo alikuwa Ndalahwa.

Sasa twende Nyegezi, jirani na chuo kikuu, tukamwone huyo mkubwa.

Saa moja kasoro asubuhi, Sabina Malimi anainua mlango wa bati wa duka lake la steshenari. Kabla hata ya kuweka mkoba chini anawasha printa, maana printa yenyewe ni kama mzee aliyeamshwa ghafla, hukohoa mara tatu ndipo ikubali kazi. Anapangusa kompyuta kwa upindo wa kitenge. Nje wameshasimama wanafunzi wanne, kila mmoja ameshika flashi kiganjani kama aliyeshika dawa ya mtoto.

"Shikamoo, mama Rose."

"Marahaba, hamjambo? Anayekabidhi leo apite mbele. Wa kesho akae, mabenchi ni ya bure."

Ana miaka arobaini na saba. Shule yake iliishia darasa la saba. Kuchapa alifundishwa na sista mmoja katika ofisi ya parokia, kwenye mashine ya taipu ambayo mlio wake, anasema, ulikuwa unasikika mpaka barabarani. Siku hizi ukurasa mmoja anachapa kwa shilingi mia tano. Msimu wa tasnifu, kuanzia Mei mpaka Julai, vidole havipumziki. Miezi mingine anaishi kwa kutoa kopi za vitambulisho. Ada ya Rose, bintiye anayesoma kidato cha tano Sengerema, inatoka humo humo.

Lakini wanafunzi hawayapiti maduka sita kuja kwake kwa ajili ya kuchapa tu. Wanamfuata kwa marejeo.

Marejeo ni ile orodha ya mwisho wa kazi ya chuo, ambamo mwandishi anawataja wote aliotumia maneno yao. Ukiyakosea, msimamizi anakurudishia kazi ikiwa imechorwa wino mwekundu kama iliyochinjiwa kuku. Sabina alichoka kuona vijana wanarudi na machozi, akaomba mwongozo wa idara, akausoma usiku na mchana, kidole chini ya kila mstari, mpaka ukamwingia. Wanafunzi wanamtania kwa kumwita Profesa. Haitiki, ila hakasiriki.

"Kitabu hakina shida," anasema. "Kitabu kina jalada, jalada lina jina. Shida imeletwa na simu."

Na kweli imeletwa na simu. Vijana wa leo wanaokota maneno kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye barua pepe, kwenye maoni ya watu chini ya video, halafu wakiulizwa wameyatoa wapi wanaandika: Chanzo, WhatsApp. Basi. Wamemaliza.

"WhatsApp ni barabara," Sabina anawaambia. "Ukiniletea habari nikakuuliza nani kakwambia, utanijibu kakwambia barabara? Barabarani alipita mtu. Nitajie huyo mtu, na siku aliyopita."

Ameyapanga kichwani mwake kama vyombo kabatini. Andiko la mtandaoni lililo wazi, ambalo yeyote anaweza kulifungua, linakwenda kwenye orodha ya mwisho pamoja na jina la aliyeandika, tarehe, anwani yake, na siku uliyolisoma wewe, maana mwenyewe anaweza kulifuta kesho. Ujumbe wa faragha, au wa kundi lililofungwa, hauendi kule mwisho, kwa sababu msomaji hawezi kwenda kubisha hodi kwenye mlango huo. Huo unabaki ndani ya maandishi, pale pale ulipotumika, na kwenye mabano kunakaa jina la msemaji, maneno "mawasiliano binafsi", na tarehe.

Juu ya hayo ameongeza sheria yake, na hiyo haibadilishi hata ukimlipa mara mbili. Hachapi jina la mwenye ujumbe wa faragha kabla mwenyewe hajaulizwa.

Revocatus, fundi simu wa kibanda cha pembeni, huwa anamcheka kwa hilo. "Dada Sabina, yaani unamwomba mtu ruhusa ya kusema alichokisema mwenyewe?"

"Alikisema kwa wenziwe," Sabina humjibu. "Kitabuni atakisema kwa watu asiowajua. Wewe maneno unayomwambia mkeo, niyabandike hapa mlangoni?"

Revocatus hurudi kwenye nati zake.

Mwezi wa sita mwaka huu aliingia dukani binti mmoja, Favour Agutu, mwanafunzi wa idara ya Kiswahili, mzaliwa wa Mara. Alikuwa na tasnifu kuhusu namna waanika dagaa wa visiwani wanavyozungumza katika makundi yao ya WhatsApp: wanavyoonyana kuhusu mawingu, wanavyotaniana, wanavyosifia mzigo. Kazi nzuri, anasema Sabina, ilikuwa inanukia ziwa. Lakini imerudishwa. Watu kumi na wawili wamenukuliwa, na kila nukuu mbele yake pameandikwa neno moja tu, WhatsApp. Pembeni msimamizi ameuliza kwa wino mwekundu: Nani? Lini?

Sabina akamkalisha. Akamwuliza kama wenye maneno wanajua. Favour akasema ndiyo, alijitambulisha kwenye kundi na wote walikubali jumbe zao zitumike.

"Zitumike kwa majina yao?"

Hilo hakuwauliza. Sabina akamwelekeza: amwandikie kila mmoja peke yake, amwulize kama anataka jina lake liandikwe kitabuni au afichwe. Anayetaka aandikwe kwa jina. Asiyetaka apewe namba, na asiyejibu ahesabiwe kuwa hajataka.

"Mama, hao watu wako visiwani," Favour alisema. "Kuna wanaopata mtandao mpaka wapande juu ya mwamba."

"Basi tuwasubiri washuke."

Kazi ilitakiwa ikabidhiwe Ijumaa ya wiki ya pili, saa sita mchana. Siku kumi na moja. Favour akatuma maswali kumi na mawili, akamwachia Sabina flashi yenye picha za zile jumbe, ambazo zilipaswa kuwekwa kwenye viambatisho zikiwa zimezibwa namba za simu kwa wino mweusi. Ni kazi ya mkono tu, haihitaji akili. Unafungua picha, unaziba namba, unafunga.

Aliziba sita. Akafungua ya saba.

Ujumbe wenyewe si mrefu. Mtu huyo alikuwa anawajibu wenzake walioulizana hali ya mzigo, akaandika: "Huku watoto wa mama wamelala chali juani, hakuna anayeumwa, mama anaomba mvua isije. Ila mlinzi asilale. Mimi nililala siku moja tu, mpaka leo sijaamka vizuri."

Sabina anasimulia kwamba hakulia. Alisimama, akafunga mlango wa bati mchana kweupe huku wateja wakiwa nje, akakaa gizani na ile kompyuta inayong'aa.

Inabidi turudi nyuma kidogo, miaka kumi na mitano. Ndalahwa alikuwa na miaka kumi na tisa. Sabina, aliyemzidi kwa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, mama yao akiwa mwaloni, kwenye soko la samaki. Baba, mzee Malimi, alikuwa ameshafariki. Siku hiyo mama Getruda alianika mzigo mkubwa kuliko yote aliyowahi kupata, wa kwake na wa kina mama wenzake watatu, akaenda hospitali kumwona mgonjwa, akamwacha Ndalahwa alinde. Kijana alikuwa amekesha ziwani na taa za dagaa. Akalala. Mvua ikaja kutoka upande wa Musoma na haikumwamsha mpaka imemaliza.

Wasiojua dagaa watasema ni samaki tu. Dagaa aliyelowa akiwa nusu mkavu hata kuku anamkwepa.

Mama aliporudi alimkuta amesimama katikati ya ule uozo. Alisema maneno mengi, na mwisho akasema hili: "Kama ni kulala, nenda ukalale huko huko wanakolala wenzio." Ndalahwa akaenda. Usiku huo alipanda mtumbwi wa watu waliokuwa wanavuka kwenda visiwani.

Mwaka wa tatu wakasikia yuko kisiwa cha Ukara. Mjomba wao alimfuata. Alipofika akaambiwa kijana alimwona mjomba kwa mbali anateremka kwenye boti, akachukua kibegi chake akatokea upande wa pili. Wengine wakasema amekwenda kisiwa cha Goziba. Baada ya hapo hata uvumi ukaisha.

Mama Getruda sasa ana miaka sabini na sita, anaishi Bujora kwenye mji wa nduguze. Hajaanika dagaa miaka mingi. Hata hivyo wingu likifunga, anatoka, anasimama uani, anatazama juu mpaka litakapopita au litakaponyesha. Sabina akienda kumsalimia, bibi huyo humwuliza habari za Rose, habari za duka, habari za majirani, mmoja mmoja, halafu anabaki anamtazama kinywani kama mtu anayesubiri jina moja zaidi. Sabina hana la kumpa. Miaka kumi na mitano amekuwa akirudi Nyegezi na yale macho.

Na sasa namba ilikuwa mbele yake. Tarakimu kumi, zimekaa juu ya ujumbe.

"Nilichukua kalamu," anasema. "Nikaandika tano za kwanza hapa." Anaonyesha kiganja cha kushoto. "Tano tu. Halafu nikatema mate nikafuta."

Kwa nini? Hilo ndilo swali ambalo Revocatus alimwuliza kesho yake, na hakuliuliza kwa upole. Alimwambia ampe hiyo namba, yeye atapiga, ajifanye amekosea namba, wasikie sauti tu, dhambi iko wapi? Favour naye, alipoambiwa, alishika mdomo, kisha akasema taratibu, "Mama, ichukue. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Sabina alimjibu. "Na yeye atajua. Mjomba alimfuata kwa kumvizia, akahama kisiwa. Mimi nikimvizia kwa simu atahama namba. Safari hii nitampotezea wapi?"

Kwa hiyo aliifungua ile picha ya saba, akaweka wino mweusi juu ya tarakimu, moja baada ya nyingine, akaihifadhi, akamrudishia Favour flashi yake. "Nimeziba namba ya ndugu yangu kwa mkono wangu mwenyewe," anasema, kisha anacheka kicheko kifupi kisichofika machoni.

Kilichobaki ni lile swali. Favour alikuwa ameshalituma kabla Sabina hajaujua ujumbe huo, kwa maneno yale yale aliyowatumia wenzake wote: Ungependa jina lako liandikwe kitabuni, au nikufiche? Favour alitaka kuongeza mstari, amwambie kwamba dada yake ndiye anayechapa. Sabina alikataa. Msichana akasisitiza kwamba akijua atajibu haraka.

"Usimtaje dada," Sabina alimwambia. "Akikataa, awe amekikataa chuo. Asiwe amenikataa mimi."

Baada ya siku tatu walikuwa wamejibu watano. Mama mmoja wa Ukerewe alitaka jina lake liandikwe pamoja na la mumewe marehemu, Sabina akaeleza kwamba haiwezekani kumnukuu marehemu kwa simu ya mjane, wakakubaliana marehemu atajwe kwenye shukrani. Mwingine alisema aandikwe kwa jina la utani maana ndilo analoheshimiwa nalo. Kufika Jumatatu ya wiki ya pili walikuwa tisa. Jumatano, kumi na mmoja.

Namba saba alikuwa kimya. Kwenye simu ya Favour zilionekana alama mbili za kijivu. Ujumbe umefika kwenye simu yake, hajaufungua. Alhamisi mchana zikawa za buluu. Ameusoma.

Ameusoma, na hajajibu.

Sabina aliendelea na kazi. Alibaindi tasnifu za watu, akatoa kopi, akamkaripia kijana aliyeandika kwamba amepata takwimu zake "kwenye gugo". Revocatus, ambaye maneno huwa hayamwishi, siku hiyo alimletea chai na chapati mbili, akaviweka mezani akaondoka bila utani.

Alhamisi jioni Favour alikuja akakaa kwenye benchi. Waliongea wawili hao polepole. Favour alisema huenda mtu huyo anaona chuo ni mambo ya serikali, anaogopa. Sabina akasema huenda. Favour akasema huenda ni mtu mwingine kabisa, labda aliwahi kufanya kazi na Ndalahwa akakisikia kitendawili kwake. Sabina akasema hilo nalo amelifikiria, na ndilo linalomtisha zaidi, kwa sababu litakuwa na maana kwamba kuna mtu anakisimulia badala ya mwenyewe.

Tasnifu nzima imeshachapwa isipokuwa ukurasa mmoja, wa sitini na tatu. Humo ndimo ilimo ile nukuu. Mbele yake kuna mabano, na ndani ya mabano kuna nafasi tupu, kisha mawasiliano binafsi, kisha tarehe. Asipojibu, Sabina atajaza maneno manne, Mtoa Taarifa Namba Saba, na kitabu kitakwenda maktaba hivyo, na ndugu yake atakaa kwenye rafu akiwa amezibwa na wino wa dada yake.

Leo ni Ijumaa. Saa nne asubuhi, printa imeshakohoa na imetulia. Favour amefika mapema, amevaa gauni la kukabidhia kazi, simu ameilaza mezani kifudifudi ili wasiitazame. Wanaitazama hivyo hivyo.

Ukimwuliza Sabina atafanya nini endapo jibu litakuja zuri, ameshapanga. Atatoa kopi moja ya ukurasa wa sitini na tatu, ataiweka kwenye bahasha ya kaki, atapanda gari mpaka Kisesa na kutoka pale atatembea kwa miguu mpaka Bujora. Mama yake hasomi vizuri siku hizi, macho yameingia ukungu. Kwa hiyo atamsomea.

"Sitamwambia nimempata," anasema, "kwa sababu sijampata. Nitamsomea tu ukurasa, niseme mama, kuna mtu kasema hivi, chuoni wameyapenda maneno yake. Nikifika kwenye mabano nitasoma jina. Nitakuwa namtazama."

Halafu? Halafu Favour atamwandikia namba saba kumshukuru, kama alivyowashukuru wengine, na ataweka jina la mchapaji, kama watu wanavyofanya kwenye shukrani. Mtu akitaka kupiga, namba ya duka itakuwa chini ya jina hilo. Mlango atakuwa ameuona. Kuingia ni juu yake.

Na likija baya?

Sabina anachukua karatasi moja nyeupe, anaigonga gonga mezani kuinyoosha kingo, anaiweka kwenye trei ya printa. Moja tu.

Saa tano na robo. Mwanafunzi anaingia kuuliza bei ya kubaindi, anajibiwa, anatoka. Saa tano na nusu Favour anasema kwa sauti ndogo kwamba inabidi waache nusu saa ya kubaindi. Sabina anasema anajua. Anasogeza kiti, anaweka vidole kwenye kibodi, anachapa Mtoa. Anachapa Taarifa.

Simu inatetemeka juu ya meza.

Favour anaigeuza. Anasoma mdomo ukicheza bila sauti, mara moja, halafu tena. Revocatus amesimama mlangoni na bisibisi mkononi, hakuna aliyemwita. Binti anamsukumia Sabina simu juu ya meza, na Sabina anaivaa miwani yake, anaweka kidole chini ya mstari kama alivyousoma ule mwongozo wa idara, na anasoma.

"Samahani dada, nimefikiri sana. Usinifiche. Andika Ndalahwa Malimi, mtoto wa Getruda wa Igombe. Huenda yuko mtu wa kwetu atasoma."